Mwalimu wa Hali Tatu

Watu wa Garsen hunywa chai ikiwa wazi. Mwalimu peke yake ndiye aliyefunika kikombe chake kwa sosa. Adhuhuri, jua likiwa limeyakalia mabati ya hoteli kama kuku anayelalia mayai, mgeni angedhani huyu ni mtu anayeogopa nzi. Nzi hakuwajali. Alikuwa akizuia mvuke.

"Mvuke ni chai inayotoroka," alikuwa akisema. Baada ya muda angeinua sosa, aigeuze, awaonyeshe walioketi karibu matone yaliyong'ang'ania upande wa chini. "Huyu alitoka, akakuta mlango umefungwa, sasa anarudi. Na huku mwingine anatoka. Wanaotoka wakiwa sawa na wanaorudi, huo ndio usawa." Kisha angeyalamba matone yale mpaka sosa ikauke, na aliyekuwa akila maharagwe mbele yake angeangalia pembeni.

Alitufundisha fizikia katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji. Jina analo, na la ukoo pia, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Walimu wengine waliitwa kwa majina yao au kwa majina ya watoto wao. Yeye alikuwa Mwalimu tu, na akiwa hayupo, Mwalimu wa Hali Tatu.

Jina hilo alilipata kwa somo moja. Kila mtoto anajua kwamba maji yana hali tatu: barafu, maji yenyewe, na mvuke. Kwa kawaida tunakutana nazo moja moja, au mbili mbili kama kwenye sufuria inayochemka. Mwalimu alishikilia kwamba kuna nukta moja, moja tu duniani kote, ambapo zote tatu hukaa katika chombo kimoja bila yoyote kuwamaliza wenzake. Joto liwe sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sifuri. Kanieneo iwe ndogo, haifiki hata sehemu moja ya mia ya hii ya hewa inayotukandamiza hapa. Hapo maji huchemka na kuganda kwa wakati mmoja. Ukiteleza upande huu, barafu inakwisha. Ukiteleza upande ule, maji yanakwisha.

Sisi tuliomsikiliza tulikuwa watoto wa joto. Barafu tuliijua kwa kuiona chini ya samaki waliopita kutoka Kipini, na hata hiyo ilikuwa imeshakuwa maji ya kunuka ilipotufikia. Mwanafunzi mmoja wa kutoka Bangale aliuliza kama ng'ombe anaweza kunywa maji hayo yanayochemka yakiwa baridi. Mwalimu alilifikiria swali lile kwa heshima zote. Alijibu kwamba kwa kanieneo ile ng'ombe mwenyewe angeanza kuchemka kabla hajainamisha kichwa, na akachora ubaoni ng'ombe mwenye mapovu. Fizikia yote ya mwaka ule nimeisahau, ila ng'ombe yule yuko wazi mbele yangu mpaka leo.

Kikao chake nje ya shule kilikuwa hoteli moja karibu na njia ya kwendea soko la mifugo. Mwenye hoteli ni mama wa Kipini, mwenye Kiswahili kilichonyooka na mikono iliyonenepa kwa kukanda unga wa mahamri. Wote wawili walikuwa na ubishi wa aina moja, kwa hiyo hawakupatana hata siku moja, na Mwalimu hakukosa hata siku moja kwenda. Alipomweleza mara ya kwanza kuhusu maji yanayochemka yakaganda, Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amekula.

Kilichoharibu mambo ni siku ya mnada. Dalali mmoja wa mifugo, Muorma mrefu mwenye fimbo isiyotoka mkononi, aliingia anywe chai ya haraka. Mwalimu akamshika na habari ya hali tatu. Dalali akataka kujua moto uko wapi. Mwalimu akasema moto hauhitajiki. "Wewe nasema maji nachemka," dalali akasema, "na moto hakuna, na hii maji naganda, na friji hakuna. Basi iko nini?" Mwalimu akavuta kiti. Waliposhtuka, mnada ulikuwa umekwisha, na fahali ambaye dalali alikuja kumnunua alikuwa juu ya lori la mtu mwingine.

Dalali hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akamtazama Mama, akasema hoteli yake iko na jini. Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akatoa hukumu mbele ya wateja.

"Weye Mwalimu, chai nitakupa. Lakini habari ya maji yako iishie pale mlangoni. Siku utakayoyachemsha yakaganda mbele ya macho yangu, bila friji na bila kiini macho, ndiyo siku utakayosema tena humu ndani."

Kila mtu alicheka, Mwalimu akiwemo, lakini Mama hakuwa akitania. Kesho yake Mwalimu alipoinua sosa na kufungua mdomo, Mama alimwondolea kikombe. Basi akawa anakuja, anafunika chai, anafunua, anayatazama matone, analamba, ananyamaza. Kwa mtu yule, kunyamaza kulikuwa kama mfungo usio na magharibi. Dalali ndiye aliyekuwa akimfuturisha kwa uchokozi: "Mwalimu, leo maji yako iko aje?" Mwalimu angetazama jikoni na kumeza mate.

Shuleni alijilipiza kwetu. Vipindi vilirefuka. Usawa ulituandama mpaka kwenye foleni ya chakula, ambako alitusimamisha tuone jinsi foleni isivyofupika ingawa kila mmoja anayehudumiwa anaondoka, kwa sababu nyuma yake anaingia mwingine. "Mnaona foleni imetulia," alisema. "Haijatulia. Inafanya kazi kuliko nyinyi." Tulimwambia tuna njaa. Alisema hata hiyo itafika usawa.

Ni lazima niseme pia kwamba mtu huyu wa barafu alikuwa mwoga wa baridi kuliko wote niliowajua. Mwezi wa saba, upepo ukipoa kidogo, alivaa sweta la shingo ndefu na kulalamika. Soda aliinywa ikiwa moto. Aliwahi kwenda Nairobi kusahihisha mitihani, akarudi na kikohozi ambacho alikisimulia mpaka mwaka uliofuata. Mlima Kenya hakuwahi kuuona, ingawa aliutaja kama mtu anayetaja shamba lake.

Sababu ya kuutaja ilikuwa mto. Alizaliwa Kulesa, Tana ikipita nyuma ya migomba ya kwao, na hakuwa na subira na watu waliouzungumzia mto ule kama vile umeanzia kwenye daraja la Garsen. Alisema Tana huanza kama barafu mlimani, hushuka ikiwa maji, hutuletea tope na mamba na mafuriko, kisha nusu yake hupaa kwenye mashamba na majaruba ya mpunga kabla haijaiona bahari. "Hali tatu zote, lakini zimetenganishwa na safari," alisema. "Mimi nataka kuifuta safari."

Watu walipenda kumnyang'anya maneno yake na kuyatia kazini. Alikuja bwana mmoja wa kuendesha warsha ya amani, ukumbi umejaa wakulima na wafugaji, na mwalimu mkuu akamwomba Mwalimu atoe nasaha kwa upande wa sayansi. Akaeleza hali tatu. Bwana yule akafurahi kupita kiasi. Akasimama, akasema hivyo ndivyo jamii zetu zinavyopaswa kuwa: barafu, maji na mvuke, pamoja, kwa utulivu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaomba kipaza sauti tena.

"Samahani, sikusema utulivu. Pale hakuna anayetulia. Barafu inayeyuka, maji yanaganda, mvuke unarudi, kila mmoja anamwingilia mwenzake muda wote. Kinachofanya wasimalizane ni kwamba njia iko wazi pande zote na anayekwenda ni sawa na anayekuja. Ukiziba njia moja tu, mmoja anakula wengine." Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Bwana wa warsha akashukuru na kutangaza chakula. Wazee wawili, mmoja mkulima na mmoja mfugaji, nilikuwa nyuma yao, wakaanza kubishana kuhusu njia ya ng'ombe ya kufikia mto, na wakabishana vizuri, mmoja akisema mwingine akijibu, mpaka pilau ikafika. Mwalimu hakualikwa warsha nyingine.

Siri yake kubwa hakuificha, ila hakuna aliyefikiria kumuuliza. Aliyoyafundisha hakuwahi kuyaona. Hali tatu pamoja alizisoma chuoni, akazikuta mchoro kwenye kitabu, mistari mitatu inayokutana katika nukta, na akaiamini nukta ile kama wengine wanavyoamini Maka bila ya kwenda. Maabara yetu ilikuwa na pampu moja ya mkono ya kuvuta hewa, ya chuma, nzito kama mbuzi wa kuchinja, na kengele moja ya kioo ya kufunikia vitu. Kwa hizo mbili alikusudia kuiona nukta kabla hajastaafu.

Mafuriko yalipotukata, maji yakaingia mpaka madarasani, mtumbwi uliletwa kuokoa mali ya shule. Mwalimu mkuu alikuwa amepanga kitakachotangulia. Mtumbwi uliporudi safari ya kwanza ulikuwa na Mwalimu, pampu, na kengele ya kioo imefungwa kwa leso ya mkewe. Mwalimu mkuu, amesimama maji yakimfika mapajani, aliuliza kabati la vyeti liko wapi. Mwalimu alisema vyeti vinaweza kuchapishwa upya, pampu ile haitengenezwi tena. Walikaa muhula mzima bila kusalimiana vizuri.

Kisha kukawa na adui mwingine, ambaye ni Garsen yenyewe. Kengele hukaa juu ya sahani ya chuma, na kati ya hizo mbili hupakwa mafuta mazito ili hewa isipenye. Kwa joto letu mafuta yaliyeyuka na kuchuruzika, hewa ikaingia ikipiga mluzi. Mwalimu alijaribu vazelini, akajaribu samli, akajaribu mchanganyiko ambao panya waliula wote usiku mmoja. Mwishowe aliyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya nyama, na mluzi ukakoma. Maabara ilinuka kama sikukuu ambayo hukualikwa.

Alipoona iko tayari, alifanya jambo la hatari. Aliwaita wageni. Walikuja maafisa wa elimu, akaja na Mama mwenyewe, aliyefunga hoteli saa nzima kwa ajili hiyo na akasema hivyo kwa kila aliyemuuliza. Kwenye sahani Mwalimu aliweka bakuli pana la asidi kali, ile inayokunywa mvuke, na juu yake kibakuli cha maji. Hakutaka lawama ya uchafu, kwa hiyo maji aliyoyachagua yalikuwa maji ya betri, safi kama machozi, yaliyonunuliwa kwa fundi wa magari. Akafunika kengele, akaanza kupiga pampu.

Maji yalichemka. Hilo kila mtu aliliona: mapovu makubwa, hakuna moto, na Mama akasogeza kiti. Mwalimu akapiga, akapiga, shati likamgandia mgongoni. Kisha mapovu yakapungua, maji yakatulia, yakabaki maji. Akapiga tena. Maji yakamtazama. Afisa mmoja akasema ni jaribio zuri sana la kuchemsha, wakaenda kula. Mama alibaki nyuma mpaka wote wametoka.

"Kuchemka nimeona," akasema. "Katazo liko pale pale."

Alistaafu bila kuiona nukta yake. Shule ilikuwa imeiandika pampu ile kuwa chuma chakavu, ikampa yeye kama zawadi ya kuagwa, na mwalimu mkuu, nadhani, alifurahi kuagana na vyote viwili. Mwalimu akarudi Kulesa kwenye migomba. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya kuandika habari za mto, mafuriko na bei za mifugo, na kila nikipita Garsen nilikunywa chai pale pale. Mama hakumtaja. Lakini mtu akifunika kikombe kwa sosa, alimtupia jicho.

Mara ya mwisho niliyokaa na Mwalimu kwa muda mrefu ilikuwa alasiri ya siku ya mnada. Pikipiki ilisimama nje, na juu yake alikuwa Mwalimu, amekumbatia mzigo uliofungwa kwa leso, pampu imefungwa nyuma kwa mipira, na katikati sufuria yenye unga wa mbao na chupa nene ndani yake. Mwenye pikipiki hakuwa ameambiwa kwamba ile chupa ina asidi. Angeambiwa, Mwalimu angefika kwa miguu.

Aliingia, akasalimia, akaanza kupanga vitu juu ya meza ya mwisho. Mama akatoka jikoni.

"Nini hiki?"

"Ulinikataza kusema," Mwalimu akamjibu. "Kupiga pampu hukunikataza."

Mama alilifikiria, akaona ni kweli. Lakini Mwalimu alipotoa chupa ya maji ya betri, alimzuia mkono. Dalali alikuwa pale, fimbo yake na yote, na ndiye aliyesema kabla ya Mama: sokoni kamba ni ya mwenye ng'ombe, na mnunuzi huja na kamba yake mwenyewe, maana ukitegemea ya muuzaji, utadanganywa na ng'ombe atarudi kwao. "Yeye nakuja na pampu yake," akasema, "sisi natoa maji yetu." Hoteli nzima ikaafiki. Mama akachota kikombe kwenye mtungi wake. Yalikuwa maji ya Tana, yametuama tangu asubuhi, na bado rangi yake ilikuwa ya chai ya mtu maskini.

Mwalimu alilalamika. Alisema yana tope, yataharibu kila kitu. Mama akamuuliza kama hali tatu ni za maji ya gari peke yake. Mwalimu akayamimina kwenye kibakuli juu ya bakuli la asidi, akafunika kengele.

Baadaye alinieleza kile ambacho asingejifundisha kwa hiari. Maji safi mno hayajui pa kuanzia. Yanaweza kupoa kupita kiwango cha kuganda na yakabaki maji, kwa sababu barafu ya kwanza inataka kitu cha kushikilia, punje, takataka yoyote. Siku ile ya wageni alikuwa ameyanyima maji uchafu yaliouhitaji. Lakini alasiri ile hakuwa akilijua hilo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepeleka mbuzi wake wa mwisho mnadani.

Akaanza kupiga. Mpira wa kuvutia hewa ulikuwa mrefu, kwa hiyo pampu ilikaa sakafuni, na wateja wote wakasogea mezani. Maji yakachemka, wakasema haya, hilo tulisikia. Mwalimu akaendelea. Kutoka alipochuchumaa hakuona kengele. Aliona makalio ya wateja, kanzu na vikoi na suruali, ukuta mzima, na ukuta ule ukaanza kunyamaza.

Juu ya maji ya Mama palikuwa pamezuka utando mweupe, mwembamba, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Povu likaupasua kutoka chini, likaruka, na pale lilipopasua pakaganda tena. Likaja jingine. Barafu ilipanda na kushuka, maji yakitokota chini yake, na kioo kikiwa na ukungu kwa nje kama dirisha la nchi nyingine. Dalali aliweka fimbo yake mezani. Sijawahi kumwona akiiweka.

"Nachemka baridi," akasema polepole, kana kwamba anamwarifu mtu habari ya msiba.

"Imeganda?" Mwalimu akauliza kutoka sakafuni. "Semeni basi. Imeganda au haijaganda?" Hakuweza kusimama. Kupiga pampu hakuwahi kumwachia mtu mwingine, na akiacha yeye, hewa ingepenya na yote yangekwisha kabla hajanyoosha magoti. Nikageuka nimwambie. Mama akanigusa bega nisiseme.

Aliitazama kengele kwa muda. Kisha akajifuta unga kwenye leso, akawapangua watu, akachuchumaa mbele ya Mwalimu na kushika mpini juu ya mikono yake. Alipiga naye mara kadhaa, mpaka akaushika mwendo.

"Ondoka hapo," akamwambia. "Nenda ukauone uwongo wako."

Mwalimu aliachia taratibu, kidole kimoja kimoja. Akainuka akishika ukuta, watu wakampisha, akainama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mama alipiga vizuri kuliko yeye. Mikono ya mahamri haichoki. Ndani ya kengele barafu ikainuka juu ya povu, ikapasuka, ikaziba.

"Haya, sema," Mama akamwita kutoka chini. "Nimekufungulia. Si ulikuwa na maneno?"

Mwalimu akainua mkono mmoja nyuma yake, kiganja wazi, kama alivyokuwa akitunyamazisha darasani. Hakugeuka. Mama akaendelea kupiga pampu, na jikoni mahamri yakaanza kuungua, yakaungua mpaka moshi ukatufikia, na hakuna aliyetoka pale kwenda kuyageuza.